Nywila ya Apache, ya Nginx au ukurasa wa kuingilia: mlango upi unaifaa ofisi yako?

Ofisi nyingi ndogo za Mombasa sasa zina kitu kwenye seva ambacho si cha kila mtu. Wakala wa forodha wa Moi Avenue ana ukurasa unaoonyesha kontena zipi zimetoka Kilindini na zipi bado zinasubiri karatasi. Hoteli ya Mji wa Kale ina orodha ya waliohifadhi vyumba. Shule ya Tudor ina matokeo ya mitihani, na madrasa ina daftari la ada. Wenyewe wakitaka kufungiwa kurasa hizo, swali lao la kwanza huwa ni nywila ipi iliyo ngumu zaidi kuvunjwa. Mimi huwauliza jingine: mfanyakazi akiacha kazi Ijumaa jioni, utamtoa vipi kwenye mfumo kabla ya Jumatatu asubuhi?

Nauliza hivyo kwa sababu katika ofisi za namna hii hatari kubwa haitoki kwa mtu wa mbali anayekesha akivunja nywila. Inatoka kwa jina moja la mtumiaji, "ofisi", na nywila moja iliyobandikwa pembeni mwa skrini. Karani anaijua, msaidizi wake anaijua, wanafunzi wa atachmenti wa mwaka jana na mwaka juzi wanaijua, na hata dereva aliyeombwa siku moja aangalie kontena kwa simu anaijua. Karani akihamia kampuni jirani, anaondoka na ufunguo. Kuubadilisha ni lazima uwaambie watu wote upya, kwa hiyo haubadilishwi.

Kwa hiyo nazilinganisha njia hizi kwa kipimo hicho kwanza: kila mtu awe na jina lake, na mtu mmoja aweze kutolewa bila wengine kusumbuka. Sheria nayo inaelekea huko. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inamtaka anayehifadhi taarifa za watu azilinde, na zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wenyewe, Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72. Una PIN za KRA na nakala za vitambulisho vya wateja kwenye seva, na logi zako, yaani kumbukumbu za seva, zinaonyesha jina "ofisi" tu. Utasema nani alifungua nini?

Njia kuu ziko nne. Ya kwanza huwekwa kwenye Apache au Nginx, programu za seva zinazowatolea watu kurasa za tovuti; ya mwisho, VPN, ni njia ya faragha kati ya kifaa na seva. Kuki ni alama ambayo kivinjari hutunza kuonyesha kwamba mtu ameshaingia. Hizi hapa kwa pamoja, maelezo yanafuata:

| | Nywila ya seva (Basic) | Ukurasa wa kuingilia ndani ya programu | Akaunti ya Google au Microsoft | VPN |
|---|---|---|---|---|
| Inawafaa | watu wachache unaowajua | watu wengi, au wateja | wafanyakazi wenye barua pepe ya ofisi | wanaosimamia seva |
| Kumtoa mtu | futa mstari mmoja | funga akaunti na vikao vyake | funga barua pepe, kisha angalia muda wa kuki | futa ufunguo wa kifaa chake |
| Hatua ya pili ya uthibitisho | hakuna | ipo ukiiweka | ipo kwenye akaunti yenyewe | hakuna haja kubwa |
| Mtu kujitoa mwenyewe | hakuna njia rasmi | kitufe | kitufe | anazima |
| Kazi ya kusanidi | dakika chache | ndogo kama imo tayari, kubwa sana kama haimo | saa kadhaa | saa kadhaa, na kila simu peke yake |

## Basic: ya zamani, nyepesi, inadharauliwa bila haki

Njia hii ilikuwamo tangu HTTP/1.0 ya 1996, na maelezo yake ya sasa ni hati ya kanuni za intaneti iitwayo RFC 7617, ya 2015. Ukiomba ukurasa uliofungwa, seva inajibu 401, namba yenye maana ya "hujatambuliwa". Kivinjari kinafungua kisanduku chake, unaandika jina na nywila, nacho kinaviunganisha kwa nukta mbili, kinaviandika kwa base64, namna tu ya kugeuza maandishi, na kuvituma. Mtumiaji *fatma* mwenye nywila *siri* anasafiri hivi:

```
Authorization: Basic ZmF0bWE6c2lyaQ==
```

Hakuna kilichofichwa hapo. Yeyote aliyeudaka mstari huo anaufungua kwa amri moja:

```
echo ZmF0bWE6c2lyaQ== | base64 -d
fatma:siri
```

Bila HTTPS, yaani mawasiliano yaliyosimbwa kati ya kivinjari na seva, Basic ni kumtangazia nywila kila aliye kwenye Wi-Fi moja nawe, iwe ya mkahawa wa Nyali au ya sebule ya hoteli. Na haitumwi mara moja tu ukaingia. Inatumwa pamoja na kila ombi: ukurasa, nembo, kila picha, kila faili la mtindo. Cheti cha HTTPS kimekuwa bure tangu Let's Encrypt ilipofungua milango yake mwishoni mwa 2015, kwa hiyo hapa sina maelewano: hakuna HTTPS, hakuna Basic.

Ukishakuwa na HTTPS, Basic ina sifa mbili ambazo watu wengi hawazihesabu.

Ya kwanza, inasimama mbele ya programu. Weka seva yoyote kwenye intaneti na muda si mrefu utaona kwenye logi roboti zinazotafuta `/phpmyadmin` na `/wp-login.php`. Ukiwa na Basic, zinagonga 401 na kuishia hapo. Programu yako ya PHP, hata ikiwa na tundu ambalo halijazibwa, haikuguswa, maana hakuna mstari wake mmoja uliotekelezwa. Ukurasa wa kuingilia hauwezi kukupa hilo, kwa kuwa wenyewe ni sehemu ya programu, na tundu linaweza kuwa humo humo.

Ya pili, kumtoa mtu kunafanya kazi papo hapo. Apache na Nginx husoma faili la watumiaji kila ombi linapoingia. Ukimfuta Juma saa nne na dakika tano, akibonyeza kiungo saa nne na dakika sita anakutana na 401. Hakuna kuwasha seva upya, hakuna kikao kinachoendelea kuishi mahali fulani.

Mapungufu yake nayo ni ya kweli. Hakuna kitufe cha kutoka. Kivinjari kinaikumbuka nywila mpaka kifungwe, jambo baya kwenye kompyuta ya saiba. Hakuna "nimesahau nywila", kwa hiyo watakupigia wewe. Hakuna hatua ya pili ya uthibitisho. Tena seva yenyewe haihesabu majaribio: mtu anaweza kubahatisha mchana kutwa. Hilo la mwisho linazibwa na fail2ban, programu inayofungia anwani zinazokosea mara nyingi, ambayo ina kanuni tayari za Apache na Nginx, lakini weka muda mfupi wa kufungia. Kampuni za simu huwapa wateja wengi anwani moja ya nje. Ukiifungia anwani hiyo siku nzima kwa sababu ya mtu mmoja, unaweza kumfungia nje karani wako aliye kwenye feri ya Likoni na simu yake.

Digest, ndugu yake Basic, nitaipitia haraka. Ilitengenezwa ili nywila isipite wazi pale ambapo hakuna usimbaji, na kabla ya vyeti vya bure ilikuwa na maana. Leo sioni kazi yake. Moduli ya Apache hutumia MD5, hesabu ya zamani ya kuficha nywila; Nginx haina Digest katika msingi wake, na faili lake la watumiaji likiibwa mwizi hahitaji kuvunja chochote: kilichomo humo kinatosha kuingilia. Nyaraka za Apache zenyewe zinakushauri utumie Basic juu ya HTTPS badala yake.

## Apache na Nginx, ubavu kwa ubavu

Faili la watumiaji ni la namna moja kwa zote mbili, na amri ya kulitengeneza ni ile ile, `htpasswd`. Kwenye Debian na Ubuntu imo katika kifurushi cha `apache2-utils`, hata kama seva yako ni Nginx.

```
htpasswd -B -c /etc/nginx/watumiaji fatma
htpasswd -B /etc/nginx/watumiaji juma
htpasswd -D /etc/nginx/watumiaji juma
```

Mstari wa kwanza unaunda faili, wa pili unaongeza mtu, wa tatu unamtoa. Iangalie vizuri ile `-c`: ukiirudia kwenye faili lililopo, inalifuta na kuanza upya, na watu wote waliokuwamo wanapotea. Na usitumie `-b`, inayokuruhusu kuandika nywila kwenye amri yenyewe. Itabaki kwenye historia ya amri zako.

Kwenye Apache usanidi unakaa hivi:

```
<Directory /var/www/ripoti>
    AuthType Basic
    AuthName "Ripoti za ofisi"
    AuthUserFile /etc/apache2/watumiaji
    Require valid-user
</Directory>
```

Kwenye Nginx:

```
server {
    server_name ripoti.mfano.co.ke;
    auth_basic "Ripoti za ofisi";
    auth_basic_user_file /etc/nginx/watumiaji;
    ...
}
```

Nimeiweka ya Nginx kwenye kiwango cha `server` kwa makusudi, na hapa ndipo tofauti kubwa ya seva hizi mbili ilipo. Apache inafunga folda. Chochote kilicho ndani ya `/var/www/ripoti`, kiwe picha au PHP, kimefungwa. Nginx inafunga njia ya anwani, na ina utaratibu wake wa kuamua ni `location` ipi, yaani kifungu kipi cha usanidi, inayoshinda. Mtu anaandika `location /ripoti/` na kuweka nywila humo, akifungua `/ripoti/` anaombwa nywila, anaridhika. Lakini chini kidogo katika faili hilo hilo kuna `location ~ \.php$`, ile inayopatikana karibu katika kila mfano wa PHP. Kanuni ya muundo huu hushinda njia ya kawaida. Kwa hiyo `/ripoti/orodha.php` inaangukia huko, ambako hakuna nywila, na ukurasa unafunguka kwa ulimwengu mzima huku mwenyewe akiamini amefunga. Kuna dawa ya kuandika `location ^~ /ripoti/`, lakini nayo inakutaka uweke kanuni ya PHP ndani yake, la sivyo Nginx itamtolea mgeni msimbo wako wa PHP kama faili la kupakua. Mimi naona ni salama zaidi kuipa ripoti jina lake dogo, kama `ripoti.` mbele ya jina la tovuti, na kulifunga lote kuanzia juu.

Apache nayo ina mtego wake. Usanidi ukiwekwa kwenye `.htaccess`, faili linalokaa ndani ya folda ya tovuti, unasomwa tu iwapo `AllowOverride` inaruhusu, na tangu Apache 2.4 chaguo-msingi ni `None`. Faili lipo, limeandikwa sawasawa, na seva hailitazami kabisa. Hakuna kosa linaloonyeshwa; mlango uko wazi. Nginx kwa upande wake haisomi `.htaccess` katu, kwa hiyo anayehama kutoka Apache kwenda Nginx na kunakili folda zake anaacha kufuli zote nyuma.

Jingine: usanidi wa kawaida wa Apache unakataza kutoa mafaili yanayoanza na `.ht`. Nginx haikatazi mpaka uiambie. Ukiacha `.htpasswd` (faili la watumiaji) ndani ya folda ya tovuti chini ya Nginx, yeyote anayeijua anwani anaweza kuipakua. Liweke nje, lisomwe na kikundi cha seva tu:

```
chown root:www-data /etc/nginx/watumiaji
chmod 640 /etc/nginx/watumiaji
```

Ukiona 403 baada ya kuandika nywila sahihi, Nginx pengine hailioni faili. Ukiona 500, huenda inaliona lakini haina ruhusa ya kulisoma. Logi ya makosa itakuambia wazi.

Ukitaka vikundi, yaani wahasibu waone hiki na makarani waone kile, Apache iko mbele. Ina `AuthGroupFile` na `Require group wahasibu`, na jina la mtu linaandikwa mara moja. Kwenye Nginx inabidi faili moja kwa kila sehemu. Hapo ndipo watu husahau: Juma anafutwa kwenye faili la makarani na kubaki kwenye la wahasibu. Kwa kipimo nilichoanza nacho, hilo ni pungufu zito.

Aliye kwenye hosting ya pamoja yenye cPanel hana mengi ya kuchagua, na hana shida: sehemu ya Directory Privacy inamwandikia `.htaccess` yenyewe. Anayejenga upya kwenye VPS (seva ya kukodi anayoisimamia mwenyewe), na programu yake ni ya Node au Python iliyo nyuma ya seva, namshauri Nginx. Mwenye PHP ya zamani, folda nyingi na vikundi vya watu, abaki na Apache. Caddy, programu nyingine ya seva, nayo inastahili kutajwa kwa ofisi isiyo na mtu wa kompyuta: inajitafutia cheti cha HTTPS na kukihuisha yenyewe, na amri yake ya `caddy hash-password` inatoa moja kwa moja bcrypt, namna ya kuihifadhi nywila isisomeke. Mstari wake wa nywila uliitwa `basicauth` na sasa ni `basic_auth`, kwa hiyo mifano ya zamani uliyonakili inaweza kulalamika.

## Bcrypt na gharama yake

Ile `-B` ndiyo inayoiambia `htpasswd` itumie bcrypt. Ukiiacha, inatumia MD5 iliyozungushwa mara 1000, ambayo kwa kadi za michoro za leo, zinazotumiwa kubahatisha nywila kwa kasi, ni mzigo mwepesi. Mtindo wa zamani zaidi, crypt, unazingatia herufi 8 za kwanza tu. Zinazofuata ni kama hukuziandika.

Bcrypt ina kipimo cha ugumu, `-C`, kuanzia 4 hadi 17, na usipotaja kitu `htpasswd` hutumia 5. Kila ukiongeza moja, kazi inakuwa maradufu. Wengi wakisikia hivyo wanakimbilia 12 au 14 kama walivyoshauriwa kwa programu zao. Kumbuka nilichosema juu: Basic hutuma nywila kwa kila ombi, na seva huihesabu upya kila mara. Hesabu moja ikichukua robo sekunde, ukurasa wenye mafaili 40 ni sekunde 10 za kazi ya prosesa, kwa mtu mmoja. Kwenye Nginx ni mbaya zaidi, kwa kuwa mfanyakazi wake mmoja anahudumia watu wengi kwa zamu, na wakati anahesabu bcrypt wote wanamngoja. VPS ndogo inaanza kuonekana mbovu, lawama zinaenda kwa kebo za baharini zinazotua hapa Mombasa, kumbe ni `-C 14`.

Ushauri wangu ni kuacha kipimo chini na kuongeza urefu wa nywila. Usimwachie mtu achague "Mombasa2024". Mtengenezee:

```
openssl rand -base64 18
```

Hiyo inatoa herufi 24 za kubahatisha, ambazo hakuna kadi ya michoro itakayozimaliza. Aihifadhi kwenye simu au kivinjari chake, hana haja ya kuikariri. Na usimlazimishe kuibadilisha kila miezi mitatu: mwongozo wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, SP 800-63B wa 2017, uliachana na desturi hiyo, na ukataka ibadilishwe pale tu kunapokuwa na dalili kwamba imevuja.

Kwenye mfumo wa zamani Nginx inaweza kukataa bcrypt, kwa sababu inategemea maktaba ya mfumo wenyewe. Debian kuanzia toleo la 11 haina shida hiyo. Ukikwama, `openssl passwd -6` inatoa SHA-512 ambayo inakubalika.

## Ukurasa wa kuingilia ndani ya programu

Hapa watu wanaona fomu iliyopambwa, nembo ya shule, kitufe cha "nimesahau nywila". Kwa wazazi mia kadhaa wanaofuatilia matokeo, hakuna njia nyingine ya maana. Huwezi kuwaandikia wote `htpasswd`, wala kupokea simu zao zote.

Sharti langu moja: usiiandike mwenyewe. Django, Laravel na WordPress, mifumo ya kujengea tovuti, zinayo tayari, na zinahifadhi nywila vizuri. WordPress nayo ilihamia bcrypt katika toleo la 6.8 la 2025. Fomu iliyoandikwa kwa mkono ndiyo inayohifadhi nywila wazi kwenye hifadhidata, na ndiyo inayokubali mtu kuingia kwa kuandika kipande cha SQL, lugha ya hifadhidata, mahali pa jina.

Faida kubwa kuliko zote ni hatua ya pili ya uthibitisho, ile namba inayobadilika kila sekunde 30 kwenye simu. Nywila ikivuja, haitoshi. Kwa mhasibu na kwa msimamizi wa mfumo naona ni lazima. Ikiwezekana iwe kwa programu ya simu badala ya SMS, kwa kuwa laini ya simu inaweza kuhamishwa na tapeli, na kila SMS ina bei.

Kwenye kumtoa mtu, njia hii inadai umakini zaidi. Mtu akishaingia, programu inampa kuki ya kikao, na kuanzia hapo nywila haiulizwi tena. Ukibadilisha nywila yake bila kuua vikao vyake, simu yake inaweza kuendelea kuona kila kitu kwa wiki. Django hushughulikia hili vizuri: ukimwondolea alama ya kuwa hai, ombi lake linalofuata linakataliwa, na nywila ikibadilishwa vikao vya zamani vinakufa. Programu nyingine ziulize kabla ya kuzichagua, kwa kujaribu: ingia kwa simu, funga akaunti kwa kompyuta, rudi kwenye simu ubonyeze kiungo.

Njia hii pia inategemea barua pepe. "Nimesahau nywila" haina kazi iwapo ujumbe unaangukia kwenye taka, na wazazi wengi hawafungui barua pepe kabisa. Panga hilo mapema.

Kwa WordPress watu huweka vyote viwili: Basic mbele ya `wp-login.php`, kisha fomu yake. Naunga mkono. Ila ukifunga folda nzima ya `wp-admin`, iache wazi `admin-ajax.php`, kwa maana vipande vingi vya tovuti ya wageni vinaitumia.

## Akaunti ya Google au Microsoft, VPN na mengineyo

Ofisi iliyolipia barua pepe zenye jina lake inaweza kuacha nywila zote kwa mtoa huduma huyo. Nginx hutumia `auth_request` pamoja na programu kama oauth2-proxy, na Apache ina moduli ya mod_auth_openidc. Mtu anaingia kwa barua pepe yake ya kazi, hatua ya pili ikiwa tayari, na wewe huhifadhi nywila hata moja.

Mambo mawili uyaangalie kabla ya kushangilia. Oauth2-proxy hutoa kuki ya saa 168, siku saba kamili, usipoibadilisha. Karani wa Ijumaa anafungiwa barua pepe, na kuki yake inamwingiza hadi Ijumaa ijayo. Punguza muda huo uwe siku moja ya kazi, au uiwekee kujikagua upya kila baada ya muda mfupi. La pili ni orodha ya wanaoruhusiwa. Ukiandika nyota kwenye `email-domain`, umemruhusu yeyote duniani mwenye akaunti ya Google. Ofisi inayotumia Gmail za binafsi iandike anwani moja moja kwenye faili, na hapo imerudi kwenye kazi ile ile ya Basic, pamoja na mitambo zaidi.

VPN kama WireGuard, iliyoingia kwenye kiini cha Linux 5.6 mwaka 2020, ndiyo ningeitaka kwa phpMyAdmin (ukurasa wa kusimamia hifadhidata), hifadhidata na chochote kinachosimamia seva. Vitu hivyo havina sababu ya kuonekana na mgeni, hata vikiwa na nywila. Kwa karani anayeangalia kontena mara mbili kwa siku ni mzigo. Vyeti vya kifaa, vinavyowekwa kwenye kila simu ili seva iitambue, vina nguvu, lakini simu za watu zinaharibika na kupotea, na kila simu mpya ni kazi yako. Kuruhusu kwa anwani ya IP peke yake kunafaa ofisi yenye anwani isiyobadilika. Kwa wafanyakazi wa simu hakufai.

## Usichofunga

Njia yoyote inayofunga tovuti nzima inaweza kuzuia mashine ambazo zina haki ya kuingia. Hapa kwetu ya kwanza ni M-Pesa. Mteja akilipa, Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa, inatuma taarifa ya malipo kwenye anwani uliyoisajili, na haitumi nywila ya Basic. Ikikutana na 401, taarifa haifiki: mteja ana ujumbe wa kukatwa pesa, na mfumo wako unasema hajalipa. Itoe njia hiyo peke yake kwa `auth_basic off`, ipe anwani ndefu isiyobahatishika, ruhusu anwani za IP za mtumaji tu, na kila malipo yahakikiwe kabla ya kuaminiwa.

Ya pili ni `/.well-known/acme-challenge/`, inayotumika kuhuisha cheti kwa njia ya faili. Ikifungwa, kila kitu kinakwenda sawa mpaka cheti cha siku 90 kiishe. Ya tatu ni programu za simu zinazotumia tokeni, yaani ufunguo wa programu, kwenye kichwa cha `Authorization`. Basic inatumia kichwa hicho hicho, na viwili havikai pamoja. API ya namna hiyo, yaani mlango wa kuingilia programu, iwe kwenye jina lake tofauti.

Nikiombwa nichague leo: wakala mwenye makarani sita ningempa Basic juu ya HTTPS, jina la kila mtu, bcrypt, nywila za kutengenezwa, jina dogo la tovuti lililofungwa lote. Hoteli yenye barua pepe za ofisi na watu wa zamu wanaobadilika kila msimu ningeipa akaunti za barua pepe hizo, kuki ikiwa ya saa chache. Shule, fomu ya Django au Laravel, walimu wakiwa na hatua ya pili na wazazi bila. Madrasa yenye ustadhi na mweka hazina, Basic inatosha kabisa.

Jaribio lifanyike ukiwa nje. Kama umeruhusu anwani ya ofisi ipite bila nywila, ukijaribu kutoka ofisini utaona mlango wazi na usijue kama ndivyo ulivyo kwa wote. Zima Wi-Fi, tumia bando la simu, na kwa kompyuta iliyounganishwa na simu hiyo andika:

```
curl -I https://ripoti.mfano.co.ke/
curl -I https://ripoti.mfano.co.ke/orodha.php
curl -I -u juma https://ripoti.mfano.co.ke/
```

Mbili za kwanza zirudishe 401. Ya tatu itaomba nywila. Iandike ile ya Juma aliyeondoka, nayo irudishe 401 pia.